Sura ya Saba: Koili Iliyozungushwa Vizuri Mno

Alhamisi, tarehe tisa Julai. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na kulipokucha yalikuwa bado hayajaamua yawe mvua au yakome. Ukungu ulikuwa umelalia paa la kituo cha polisi, na mlima kule juu haukuonekana kabisa.

Inspekta, mama wa makamo, alifika mapema, akatundika koti lake lililolowa nyuma ya mlango, akainamisha kichwa juu ya meza tupu akasali, kama alivyosali kila asubuhi: asimfunge asiye na hatia, wala asimwachie mwenye nayo. Kisha akafungua kabati la vielelezo, akatoa redio mbili, akaziweka mezani ubavu kwa ubavu.

Ya kwanza ilikuwa ya marehemu. Marehemu alikuwa mlinzi wa chanzo cha maji, kule juu mlimani ambako simu haishiki, na redio hiyo ya mawasiliano aliiunda kwa mikono yake. Ilikuwa ni zile zinazouzwa vipande vipande: unanunua ubao mtupu na vifuko vya vifaa, unakaa nyumbani ukilehemu jioni baada ya jioni mpaka chombo kinasema. Wiki iliyopita, akikagua bomba, kipande cha mlima kiliporomoka, jiwe likambana mguu. Redio ilikuwa mkobani. Akairusha antena yake ya waya juu ya kichaka, akawasha, akaita. Hakuna aliyemsikia.

Ila yeye aliwasikia. Hilo ndilo lililomnyima Inspekta usingizi. Mlima ni mkubwa na bomba ni refu. Hakuna aliyejua amebanwa wapi. Mke wake alikaa kwenye redio kubwa ya ofisi ya maji akimwita siku mbili mfululizo. Waokoaji walipomfikia mwili ulikuwa umeshapoa, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake, na redio ilikuwa bado inaongea kwa sauti ya mke wake: "Kama unanisikia, jibu. Kama unanisikia, jibu."

Redio ya pili marehemu aliianza kwa ajili ya mkewe huyo, ili waongee wenyewe bila kupitia ofisini. Upande wa kupokea alikuwa ameumaliza. Upande wa kurusha ulikuwa bado kwenye vifuko vyake. Mjane alimkabidhi Inspekta kama mtu anayekabidhi nguo za mtoto aliyezaliwa mfu.

Na mahabusu alikuwamo fundi redio wa mtaani, ambaye hata mama yake mzazi alishasahau kumwita kwa jina, watu wote wakimwita Chaneli. Kesi dhidi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Chaneli ndiye aliyetangulia kumposa yule mwanamke, akakataliwa. Chaneli alionekana kwa marehemu Jumamosi ya mwisho, redio imefunguliwa mezani, bisibisi mkononi. Chaneli mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo alibadilisha transista ya mwisho, ile inayoisukuma sauti hewani. Na mbele ya watu, siku chache kabla, alimtania marehemu kwamba redio yake hiyo haitafika hata chooni. Maneno ya mzaha, lakini mzaha ukishafiwa hugeuka ushahidi. Alidai waliijaribu redio pamoja, na taa ya kipimo ikawaka vizuri. Shahidi wake pekee alikuwa marehemu, na marehemu haitwi mahakamani.

Mkuu wa kituo alishasema lake: jalada liwe kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana, shitaka la kuua. Inspekta aliomba asubuhi moja tu. Mkuu akamjibu kwamba asubuhi ni yake, mchana ni wa serikali.

Koplo akamleta Chaneli, pingu mikononi, macho yamevimba. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole vyenye makovu madogo ya moto. Alipoona kilichokuwa mezani akasimama mlangoni, Koplo akalazimika kumsukuma kidogo.

Inspekta akamweleza. Betri ya marehemu ilikuwa na nguvu mpaka mwisho. Antena haikukatika. Ile transista aliyoibadilisha, wataalamu wa maabara wameipima na wameikuta nzima. Basi kasoro iko kwingine katika upande wa kurusha, na yeye Inspekta hajui upande wa kurusha unafananaje. Kwa hiyo ataujenga, hapa hapa, kwenye redio ya pili.

"Wewe utasema," akamalizia. "Mikono itakuwa yangu. Hutagusa kitu."

Koplo akakohoa. "Afande, akikuelekeza vibaya tukalipuka, ripoti ataandika nani?"

"Utaandika wewe. Na kwa mwandiko wako ule, hakuna atakayejua tumekufa."

Wakaanza. Chaneli mwanzoni alijibu kama mahabusu, neno moja moja, akitafuta mtego ndani ya kila swali. Lakini kazi ni kazi. Haikupita muda akawa amesogeza kiti, amesahau pingu. Alimwambia aanze na vifaa vifupi, rezista, vinavyolala chini ya ubao, ndipo vije virefu. Transista iwe ya mwisho kwa sababu haipendi joto. Pasi ya kulehemu ishike mguu wa kifaa na ubao kwa pamoja, vipate moto vyote viwili, ndipo lehemu iguswe hapo iyeyuke yenyewe. Ukiibandika kwa nguvu, haishiki.

Inspekta akalehemu kiungo cha kwanza, moshi ukamwingia puani. Chaneli akakitazama.

"Hicho ni kinyesi cha mbuzi, afande."

Koplo akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka. Inspekta akakinyonya kile kiungo kwa pampu ndogo ya lehemu, akarudia. Cha pili kikawa afadhali. Cha nne kikang'aa kama tone la maji, na Chaneli akaitikia kwa kichwa kama mwalimu.

Inspekta alikuwa anajifunza, lakini pia alikuwa anahoji. Katika miaka yake ya kazi alishajua kwamba mtu anaweza kuufundisha ulimi wake uongo usiku kucha, lakini mkono uliozoea kazi haufundishiki. Kila alipokosea, vidole vya Chaneli vilijikunja ndani ya pingu vikitaka kumsaidia. Kisha Inspekta akamtega makusudi: akashika kapasita kinyumenyume, kichwa chini, akajifanya anataka kuilehemu. Mtu mwenye hila angenyamaza, redio iharibike, ionekane vifaa vyenyewe ndivyo vibovu.

"Geuza," Chaneli akasema haraka. "Geuza, geuza, utaiua."

Akageuza. Katikati ya hatua akatupa maswali mengine, kama mtu anayepitisha muda. Kwa nini alibadilisha transista? Kwa sababu ile iliyokuja na vifaa ilikuwa dhaifu, na marehemu alikuwa anapanda kule juu peke yake. Nani alimwomba? Hakuna; alimwonea huruma. Amwonee huruma mtu aliyemnyang'anya mchumba?

"Hakuninyang'anya. Mimi sikuwa nimepewa. Nilichoka kumchukia, afande. Kumchukia mtu mnayeonana kila siku ni kazi nyingine ya kuajiriwa."

Koplo akaandika hilo, kisha akalikata.

Wakafika kwenye koili. Chaneli akamwonyesha kwa kidevu kifuko chenye pete ndogo nyeusi na kibiringo cha waya mwembamba wa shaba wenye rangi nyekundu inayong'aa. Waya huo hupitishwa ndani ya pete, ukizunguka na kurudi, mpaka mizunguko itimie. Inspekta akapitisha, ulimi nje ya midomo kama mtoto anayeandika. Koili yake ikatoka imekaa upande, mizunguko mingine imepandana.

"Haidhuru," Chaneli akasema. "Sura haina kazi hapo. Sasa chukua wembe, kwaruza hizo ncha mbili. Toa wekundu wote mpaka uone shaba tupu."

"Kwa nini?"

"Waya huu umevaa nguo. Huo wekundu ni vanishi, umeme haupiti. Kuna waya nyingine ambazo vanishi yake huungua kwa moto wa pasi, hii haiungui. Ukilehemu bila kukwaruza, lehemu itakaa vizuri, itang'aa, utajisifu. Kumbe umebandika tu. Hakuna kinachopita."

Inspekta akakwaruza. Unga mwekundu ukamwanguka kwenye kucha. Ghafla wembe ukasimama.

"Koili hii kazi yake nini hasa?"

"Inaipa umeme transista ya mwisho."

"Isipoupitisha?"

"Transista inakufa njaa. Unabonyeza kitufe, taa ya kurusha inawaka, unaongea. Unadhani unarusha. Kumbe sauti inaishia mle mle ndani ya…" Akaacha.

"Na kupokea?"

"Kupokea hakupiti hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Unasikia kama kawaida."

Wote watatu wakaitazama redio ya marehemu.

Inspekta akavaa glavu, akafungua kifuniko skrubu baada ya skrubu, akaiona koili ya upande wa kurusha mahali pale pale ilipokuwa ya kwake. Akachukua mita, kile kipimo cha mafundi ambacho hulia umeme ukipita. Akagusa ncha mbili za koili yake mwenyewe mbaya: ikalia. Akagusa viungo viwili vya koili ya marehemu. Kimya. Akagusa tena kwa nguvu zaidi. Kimya. Viungo vilikuwa vinang'aa, vizuri kuliko chochote alichokilehemu yeye asubuhi nzima, na ukitazama kwa makini uliuona waya ukizama ndani ya lehemu ukiwa bado mwekundu.

"Basi tumemaliza," Koplo akasema, akinyanyuka. "Alikuja Jumamosi na bisibisi, akaweka waya haujakwaruzwa. Fundi tu ndiye anayejua ujanja kama huo."

Chaneli hakumsikia. Alikuwa amejiinamia mbele mpaka pingu zikagusa meza. "Hiyo siyo koili niliyoiona Jumamosi," akasema. "Naapa. Ile marehemu aliizungusha mwenyewe, na yule bwana alikuwa na mikono ya kuchimba mitaro. Ilikuwa ovyo kama hiyo yako, afande, unisamehe. Na ilikuwa imekwaruzwa mpaka shaba inaonekana. Mimi hiyo siijui."

"Mfa maji haachi kutapatapa," Koplo akasema.

Inspekta akachukua kioo cha kukuzia, akaiinamia ile koili kwa muda mrefu. Kila mzunguko ulilala ubavuni mwa mwenzake bila nafasi ya unywele kati yao, kama uzi kwenye bobini. Ncha zilikuwa zimefungwa kwa tone la nta zisichezecheze. Akainua ubao karibu na pua. Koplo akasema mshumaa. Lakini mshumaa haunuki hivyo. Hii ilikuwa nta ya nyuki. Na ndani ya nta, chini ya kioo, palikuwa na punje ndogo za unga wa buluu.

Akakaa akizitazama punje hizo. Anayetaka kuua, alimweleza Koplo, hukata waya na kwenda zake. Hakai akazungusha upya koili nzima, akahesabu mizunguko isizidi wala isipungue, akaifunga kwa nta isije ikalegea njiani. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyeitakia redio mema.

"Sasa ni nani?" Koplo akauliza.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, kabla hawajawa wawili: marehemu, mkewe, na baba mzazi wa marehemu, mshonaji mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sindano. Washonaji hupitisha uzi kwenye nta ya nyuki usifumuke. Washonaji huchora kitambaa kwa chaki ya buluu.

Inspekta hakulisema hilo kwa sauti. Alichukua koti, redio, mita, na kile kibiringo cha waya, akamwambia Koplo amlete na mshukiwa. Ndani ya gari, kabla ya kuwasha injini, akafumba macho. "Ee Mola," akanong'ona, "jalia niwe nimekosea."

Mlango ulifunguliwa na mjane. Alipomwona Chaneli nyuma ya Koplo, akaufunga mpaka nusu.

"Huyo haingii hapa."

"Ataingia, dada. Nakuomba. Hatakaa muda mrefu."

"Mimi nimeita kwenye redio mpaka koo likatoa damu," mjane akasema, akimtazama Chaneli moja kwa moja, "na wewe ulikuwa umelala kitandani kwako."

Chaneli akatazama chini.

Sebuleni cherehani ilikuwa inalia. Mzee Sindano alikuwa ameinama juu ya suruali ya kazi ya mwanawe, ile waliyorudishiwa na hospitali ndani ya mfuko. Alikuwa ameifua, na sasa anashona pale palipochanika kwenye goti, mshono mdogo mdogo usioonekana, kama vile mwenyewe angerudi jioni kuivaa. Kando ya mkono wake palikuwa na donge la nta lenye mikwaruzo ya uzi, na kipande cha chaki ya buluu.

Inspekta akaviona vyote viwili kabla hajakaa.

Mzee akamkaribisha, akaagiza maji ya kunywa, akamwuliza hali ya nyumbani kwake. Hakumwangalia Chaneli. Alikuwa mtu wa adabu za zamani. Hata chuki yake ilikuwa imepigwa pasi. Inspekta akamwuliza polepole kuhusu Jumapili, siku iliyofuata baada ya Chaneli kuja na kabla marehemu hajapanda mlimani. Mjane akasema yeye na mumewe walikwenda kwenye ibada, wakapitia kumwona mgonjwa, wakarudi jioni. Na mzee?

Uso wa mzee ukachangamka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa anangoja kuulizwa hilo, akasema. Hakulisema mapema kwa sababu alidhani wataalamu wenyewe wangeliona.

Ilikuwa hivi. Redio ilikuwa wazi mezani. Alikwenda kufuta vumbi. Mwanawe alikuwa amemfundisha kulehemu, jioni zao nyingi walikaa pamoja, mmoja na pasi yake, mwingine na sindano yake, na mzee alishalehemu vitu vidogo vidogo akasifiwa. Basi akaona ile pete yenye waya. Kwanza ilizungushwa vibaya, mizunguko imesimama kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa. Lakini hilo lisingemfanya aiguse. Alichokiona ni ncha.

"Ncha zilikuwa zimechubuka," akasema, akimgeukia Inspekta. "Waya wote mzuri, mwekundu, halafu ncha zimekwaruzwa kwa wembe mpaka zimebaki uchi. Mimi nimeshona miaka yangu yote. Uzi uliochubuka mwisho ndio utakaokatika. Na nani alikuwa ameishika jana yake?" Ndipo akamwangalia Chaneli. "Andika, mwanangu. Andika kwamba alichubua waya. Mimi nikautoa, nikahesabu mizunguko yake, nikaweka mpya kabisa kutoka kwenye kibiringo, mzima, haujaguswa. Nikaulehemu vizuri. Sikumwambia mwanangu. Nilitaka siku akiifungua aone mwenyewe kazi ya baba yake." "Hakuifungua tena. Alifunga kifuniko alfajiri, akaenda."

Cherehani ilikuwa imesimama, na nje manyunyu yalikuwa yanadondoka bati hadi bati.

"Umesikia?" mjane akamwambia Inspekta. "Alichubua waya. Baba akajaribu kurekebisha, lakini huyu atakuwa aliharibu na kwingine. Umesikia mwenyewe."

Inspekta akamtazama Chaneli. Hapo ndipo mshukiwa yeyote angepaza sauti. Neno moja lilitosha kumtoa kwenye pingu. Chaneli alifungua kinywa, akamtazama yule mzee, mikono yake iliyokunjamana juu ya suruali ya marehemu, akakifunga.

Kisha akasema, "Ndiyo. Niliharibu mimi."

"Nyamaza," Inspekta akasema.

"Andika, afande. Waya niliuchubua mimi. Mzee alifanya vizuri. Kosa ni langu peke yangu."

Koplo, ambaye asubuhi nzima alikuwa anangoja maneno hayo, alishika kalamu na asiandike kitu.

Mjane akamrukia Chaneli. Koplo akamzuia kwa mkono, naye akampiga Koplo begani badala ya yule aliyemkusudia, mara moja, kisha akabaki amesimama. Mzee Sindano hakuwaangalia hao. Alikuwa anamkazia Chaneli macho yaliyozoea kutafuta mshono uliopinda.

"Mbona unalia, kijana?" akauliza taratibu. "Anayefungwa hujililia mwenyewe. Wewe unanililia mimi."

"Hapana, mzee."

"Nimekuuliza."

Chaneli akatikisa kichwa, akashindwa. Mzee akamgeukia Inspekta. "Mama," akasema, na alimwita hivyo kwa heshima, "umekuja na kibiringo cha waya mkononi. Hukuja kuniuliza habari za Jumapili. Nionyeshe."

Inspekta akaweka kibiringo mezani. Akaweka mita. Akamweleza kwa ufupi: umeme ukipita, hii hulia. Mzee akakata kipande cha waya kwa mkasi wake, kirefu kama kiganja, akakishika juu ya meza. Akachukua vichokoo viwili vya mita, akaviweka kwenye ncha mbili nyekundu zilizo safi, nzima, zisizoguswa.

Kimya.

Akavibonyeza. Kimya.

Halafu akavuta droo, akatoa kisu kidogo cha kufumulia mishono, akakwaruza ncha moja. Akakwaruza ya pili. Shaba ikatoka, uchi na angavu. Akarudisha vichokoo.

Mita ikalia.

Ililia mfululizo, sauti nyembamba isiyo na huruma, na mzee hakuviondoa vichokoo. Mjane akatazama mita, akatazama waya, akamtazama baba mkwe wake, na uso wake ukabadilika polepole kama mtu anayesomewa barua ya lugha anayoielewa nusu. Hatimaye Inspekta akanyosha mkono akaizima.

"Kwa hiyo ule wa kuchubuka ndio uliokuwa mzima," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na wangu ndio uliomnyamazisha."

Inspekta akamgeukia Chaneli, akafungua pingu, akazitia mfukoni. Akamwagiza Koplo aandike maelezo ya mzee neno kwa neno, na maneno ya Chaneli ya mwisho ayaache, maana hayakuwa ungamo, yalikuwa sadaka. Jalada la kuua litakwenda kwa mwendesha mashtaka saa nane bila mshitakiwa. Yeye mwenyewe atalipeleka, na mtaa utaambiwa ukweli, kwa sababu kijana huyu hawezi kuishi na jina la muuaji ili watu wazima wengine walale.

Mzee akasimama. Akaweka suruali kando, ameikunja vizuri, akanyosha mikono yote miwili mbele ya Inspekta, viganja juu.

"Zilizotoka kwake niwekee mimi."

"Hakuna sheria ya hilo, baba."

"Basi tafuta."

"Nimeshatafuta," Inspekta akasema. "Kosa ni kosa. Lakini hukulitaka, wala hukulijua. Kesho watakuja kuchukua maelezo yako mengine, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Zaidi ya hapo serikali haina cha kufanya na wewe."

Mikono ya mzee ikabaki hewani. Hakuna aliyejua namna ya kuishusha. Chaneli alipiga hatua, akasita, akaona kwamba hapakuwa mahali pake.

Mjane ndiye aliyesogea. Alitembea kama mtu anayevuka mto gizani, akipima kila hatua. Alisimama mbele ya baba mkwe wake, karibu sana, na kwa muda ilionekana kama atampiga naye. Inspekta alijiandaa. Mjane akaishika ile mikono miwili iliyonyoshwa, akaishusha, akaendelea kuishika.

"Baba," akasema. "Nisikudanganye. Sijui kama nitakusamehe. Leo siwezi. Kesho sijui."

"Usinisamehe, mwanangu."

"Subiri nimalize." Akageuza uso kidogo ili wengine wasikie vizuri, Inspekta, Koplo mwenye kalamu yake, na Chaneli aliyesimama akisugua vifundo vya mikono palipokuwa na chuma. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa watatu. Sitaihama nyumba hii nikakuacha peke yako. Nitakupikia, na tutakula meza moja, asubuhi na jioni, hata siku zile nitakazoshindwa kukutazama usoni. Na siku yako ikifika, nitakuzika mimi. Nimeahidi. Nyie mmesikia."